Viungo Vinauma, Lakini Sindano Siiachi!

Kijana mwenzangu, kuna watu wakishika sindano na uzi hata ukiwaita hawasikii. Huyu anashona kofia ya viua, mwezi wa pili sasa, na bado hajaichoka. Yule anafuma vitambaa vya makochi mpaka kila nyumba ya ukoo ina kazi ya mkono wake. Mwingine ana cherehani aliyoachiwa na bibi yake, na Jumamosi haipiti bila kitenge cha zamani kugeuzwa kuwa kitu kipya. Wala si lazima iwe biashara. Ni starehe, ni fahari, na akili inapumzika.

Sasa fikiria asubuhi moja unaamka vidole vimekakamaa, ngumi haifungi. Unasema labda nimelalia mkono. Kesho yake vilevile. Mwezi unapita, sindano inakuponyoka, mkasi unauona mzito kama panga. Utafanyaje?

Vijana wengi tunaokutana nao hufanya moja kati ya mambo mawili. Wa kwanza anaacha kabisa. Cherehani inafunikwa khanga, nyuzi zinawekwa kabatini, na moyoni anaumia. Wa pili anajikaza. Anameza vidonge vya dukani, anashona usiku kucha, mpaka siku mkono unagoma. Wote wawili wanapoteza. Wa kwanza anapoteza kitu anachokipenda bila ya lazima. Wa pili anaweza kupoteza kiungo chenyewe.

Ipo njia ya tatu, nayo ndiyo tunayoizungumzia hapa: pima mapema, tibiwa, halafu endelea kushona kwa mtindo mwingine.

KWANI VIJANA NAO WANAPATA BARIDI YABISI?

Ndiyo, wanapata. Watu wengi wakisikia "baridi yabisi" wanamfikiria babu mwenye mkongojo. Lakini kuna baridi yabisi inayotokana na kinga ya mwili, na hiyo haichagui umri. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa nayo. Katika kila watu 10, takriban 7 walikuwa wanawake. Ni kweli zaidi ya nusu yao walikuwa wamevuka miaka 55, lakini hebu wahesabu waliobaki. Hata watoto wana aina yao: mtoto wa chini ya miaka 16 akivimba kiungo kwa wiki 6 au zaidi bila sababu nyingine, daktari lazima aifikirie.

Ugonjwa wenyewe unafanyaje kazi? Kinga ya mwili ni kama mgambo aliyewekwa kulinda kijiji dhidi ya wezi. Siku moja mgambo anachanganyikiwa, anaanza kuwapiga wenyeji. Katika baridi yabisi hii, kinga inashambulia utando laini uliozunguka kiungo kwa ndani. Utando unavimba, kiungo kinajaa maji, kinapata joto na kuuma. Ukiachwa hivyo, unaanza kula gegedu na mfupa. Vidole vinaweza kupinda na visinyooke tena.

Jambo la kushika ni hili: uharibifu huo mara nyingi huanza mapema, ndani ya miaka miwili ya kwanza. Ndiyo maana tunasema usingoje. Mkono uliotibiwa mwezi wa tatu na mkono uliotibiwa mwaka wa tano si mkono mmoja.

DALILI NI ZIPI?

Nenda ukapimwe ukiona haya:

- Viungo vinauma na kuvimba kwa wiki 6 au zaidi.
- Asubuhi vinakakamaa kwa nusu saa, saa nzima au zaidi, halafu vinalegea taratibu unapoendelea na shughuli.
- Vinavyouma ni viungo vidogo: mashina ya vidole, katikati ya vidole, vifundo vya mikono, au nyayo pale vidole vinapoanzia. Mara nyingi ni pande zote mbili, kulia na kushoto.
- Unachoka kupita kiasi, hamu ya chakula inapungua, au una kijihoma kisichoeleweka.

Mshonaji huwa na dalili zake mwenyewe, tena anaziona mapema kuliko mtu mwingine. Kutunga uzi kunamshinda, na macho yake ni mazima. Pete au subana iliyokuwa inaingia sasa inakwama. Kugeuza gurudumu la cherehani asubuhi ni kazi, lakini saa saba mchana anaweza. Ukimweleza daktari mambo haya, unamsaidia sana. Usimwambie tu "mwili unauma." Mwambie: "Asubuhi siwezi kufunga kifungo, mchana naweza."

SI KILA MAUMIVU NI BARIDI YABISI

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa sababu wanajipangia ugonjwa na dawa wenyewe.

Selimundu huleta maumivu makali ya mifupa na viungo. Kisonono na klamidia, magonjwa yanayopatikana kwa kujamiiana bila kinga, nayo yanaweza kuvimbisha goti au kifundo cha mguu. Usione aibu kumwambia mhudumu wa afya ukweli, maana tiba yake ni tofauti kabisa. Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye kiungo. Kwa watoto na vijana, maumivu yanayohama kutoka kiungo hiki kwenda kile baada ya kuumwa koo yanaweza kuwa homa ya rumatiki, na hiyo inaharibu moyo.

Halafu kuna chikungunya. Je, wajua kwamba jina hilo limetoka kwetu? Ni la Kimakonde. Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 katika uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanganyika, na jina lake lina maana ya kupindapinda, jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu. Unaenezwa na mbu. Mwaka 2004 uliingia Lamu, na utafiti uliofuata ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya watu wa huko walikuwa wameambukizwa. Lamu ni mji unaojulikana kwa kofia za kushonwa kwa mkono. Fikiria wangapi walikuwa na kofia ya nusu mkononi! Wengi hupona baada ya siku au wiki chache, lakini wengine huendelea kuumwa viungo kwa miezi, hata miaka.

Na kushona kwenyewe je? Kushona sana bila kupumzika hakuleti baridi yabisi ya kinga ya mwili. Kunaweza kuchosha kano za mkono, au kubana mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono. Ukipata ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa usiku, mweleze daktari.

HATARI: Kiungo kimoja kikivimba ghafla, kikawa chekundu, cha moto, hakigusiki, na una homa, usingoje kesho. Nenda hospitali leo leo. Huenda ni vijidudu vimeingia ndani ya kiungo.

HOSPITALI WATANIFANYA NINI?

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Omba rufaa kama uvimbe unaendelea. Madaktari bingwa wa viungo ni wachache, kwa hiyo mara nyingi utaonwa na daktari wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya wilaya au ya mkoa. Watakushika viungo kimoja kimoja, watakuuliza maswali, watachukua damu na pengine picha ya eksirei. Kuna kipimo cha damu kinachotafuta alama za baridi yabisi. Kipimo hicho kikisema huna, bado unaweza kuwa nayo. Kikisema unayo, bado unaweza kuwa na kitu kingine. Daktari anaangalia mambo yote kwa pamoja.

Dawa ziko za makundi mawili, na ni muhimu uzitofautishe.

Kundi la kwanza linatuliza maumivu tu. Humo mna paracetamol, ibuprofeni na diklofenaki. Unapata nafuu, lakini ugonjwa unaendelea kula kiungo kimyakimya. Ibuprofeni na diklofenaki zikitumiwa holela kwa muda mrefu zinaweza kukuletea vidonda vya tumbo na kudhuru figo.

Kundi la pili linamtuliza yule mgambo aliyechanganyikiwa. Inayotumika zaidi ni methotreksati. Nyingine ni salfasalazini na hydroksiklorokwini. Hizi hazifanyi kazi siku hiyohiyo, huchukua wiki kadhaa hadi miezi. Wengi hukata tamaa hapo katikati na kuacha. Usiache. Vumilia, na uende kupima damu kila unapoitwa, maana daktari anataka kuhakikisha ini na chembe za damu viko salama.

METHOTREKSATI: HAPA TUSIKILIZANE

Moja. Kwa baridi yabisi, methotreksati humezwa mara MOJA KWA WIKI. Si kila siku! Watu wamekufa kwa kuimeza kila siku kwa makosa. Chagua siku, tuseme Ijumaa, iandike kwenye pakiti na umwambie mtu mmoja nyumbani. Mara nyingi utapewa na foliki asidi ya kupunguza madhara. Uliza imeze siku gani.

Mbili. Dawa hii inaweza kuharibu mimba na kumlemaza mtoto aliye tumboni. Kama una mpenzi au mume, mwambie daktari wazi na upate njia ya uhakika ya kupanga uzazi kabla ya kuanza. Ukitaka mtoto, unapanga na daktari miezi kadhaa kabla, kwa sababu zipo dawa nyingine zinazoweza kutumika wakati wa ujauzito. Ukishtuka kwamba siku zimepita, nenda hospitali mara moja, usikae na siri. Wavulana nanyi mkipewa dawa hii, mwulizeni daktari kuhusu suala la kuzaa.

Tatu. Pombe na methotreksati zote zinaelemea ini. Mwulize daktari, na ushauri salama kabisa ni kuiacha pombe.

VIPI ZILE DAWA ZA "MARA MOJA UNAPONA"?

Katika kikundi kimoja cha vijana tulichotembelea, binti wa miaka 20 alituonyesha vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi, havina jina. "Dada, hivi ukimeza viwili, asubuhi unashona kama mashine," alisema. Uso wake ulikuwa umeanza kujaa kama mwezi. Hiyo ni ishara inayojulikana ya mtu anayetumia dawa za jamii ya prednisoloni kwa muda mrefu.

Prednisoloni ni dawa halali, na daktari anaweza kukupa kwa muda. Ukiinunua mwenyewe mwezi hadi mwezi, inaweza kupandisha sukari na shinikizo la damu, inadhoofisha mifupa na inapunguza nguvu ya kupambana na vijidudu. Tena ukishaizoea, kuiacha ghafla ni hatari. Lazima ipunguzwe kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Na hata zinazoitwa "za asili" si za kuaminiwa kwa jina tu. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya watu kuhusu vidonge vya viungo vilivyouzwa kama virutubisho vya asili, kumbe ndani yake mlikuwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye chupa.

Kwa hiyo kama na wewe unatumia vidonge visivyo na jina, usivitupe leo kwa hofu. Vipeleke kwa daktari, aone, akupangie.

SASA TUSHONE!

Haya, umetibiwa au unaendelea kutibiwa. Sindano ile pale inakuangalia. Mikono inahitaji kutembea, usiifungie. Utafiti mmoja wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015, uliohusisha watu 490 wenye baridi yabisi ya mikono, ulionyesha kuwa waliopewa mazoezi maalumu ya mikono waliweza kuitumia vizuri zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida peke yake. Siri iko katika kiasi na namna. Fuata haya:

1. Pasha mikono moto kwanza. Weka maji ya uvuguvugu kwenye beseni, yapime kwa kiwiko yasikuunguze, tumbukiza mikono dakika 5 hadi 10. Humo humo majini funga ngumi taratibu, fungua, nyoosha vidole, gusa kila kidole kwa gumba. Kama kiungo kimevimba na kina moto, afadhali ubaridi: kitambaa kilichoviringishiwa barafu kwa dakika chache. Barafu yenyewe isiguse ngozi.

2. Chagua saa yako. Wengi mikono hulegea kuanzia saa nne asubuhi na kuchoka jioni. Kazi ya kidole, kama viua na vifungo, ifanye katika saa zako nzuri. Saa zilizobaki panga rangi au chora maua.

3. Tumia uzi kama saa. Kata uzi wa urefu wa mkono wako, usizidishe. Ukiisha, weka kazi chini. Nyoosha vidole, inuka, kanywe maji. Kwenye cherehani, pumzika kila baada ya dakika 20 hata kama mshono haujafika mwisho. Tunajua, hapo ndipo penye mtihani! "Nimalizie tu huu upande mmoja" ndiyo inayotuponza.

4. Nenepesha unachokishika. Kitu chembamba kinalazimisha vidole kubana kwa nguvu. Chukua sindano ya kufumia, izungushie ukanda wa sponji au mpira wa ndani wa baiskeli, kisha funga kwa uzi. Ndala iliyokatika pia inafaa: kata kipande kinene, toboa katikati, pitisha sindano. Fanya hivyo hata kwa kalamu ya chaki na kwa kisu cha kufumulia.

5. Sindano isipotoka, usiivute kwa kucha. Ishike kwa kipande kidogo cha puto au glovu ya mpira. Inanata, inatoka yenyewe. Tumia subana kusukuma, na sindano yenye tundu kubwa. Siku mikono iko vizuri, tunga uzi kwenye sindano kumi kwa mkupuo, zichomeke kwenye kito cha sindano, zikungoje. Kama una kile kifaa kidogo cha kutungia uzi, kitumie, wala si uvivu.

6. Kukata ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Noa mkasi. Kata kitambaa kimoja kimoja badala ya kukunja mara nne. Ulaze ubavu wa chini wa mkasi juu ya meza, usiubebe hewani. Badala ya pini nyingi, bana karatasi ya kipimo kwa mawe masafi. Au badilishaneni kazi na mwenzako: yeye anakukatia, wewe unampigia pindo.

7. Itazame cherehani yako. Cherehani ya miguu inachosha vifundo vya miguu na magoti. Ya mkono inachosha bega na kifundo cha mkono. Kwanza itie mafuta na ukaze mkanda, kwa maana cherehani kavu ni nzito bure. Kanyaga kwa kubadilisha miguu. Ile ya mkono, mwombe mdogo wako akuzungushie nawe uongoze kitambaa kwa mikono miwili. Kama umeme upo na mfuko unaruhusu, fundi anaweza kuifunga mota cherehani ya zamani.

8. Keti vizuri. Kiti chenye mgongo, nyayo chini, kazi iko usawa wa kifua na si magotini. Ukishona kwa mkono, weka mto mapajani na uegemeze viwiko juu yake. Fremu ya kudarizi ibane kwenye ukingo wa meza, mkono wa kushoto upumzike.

9. Anza na kitambaa rafiki. Jinzi na turubai waachie wengine kwa sasa. Khanga na pamba laini hupitisha sindano bila vita. Kitenge kipya kina gundi. Kiloweke, kifue, kikauke, ndipo ushone.

10. Shika kanuni ya saa mbili. Ukiacha kushona, na saa mbili baadaye bado unaumwa kuliko ulivyokuwa kabla ya kuanza, leo ulizidisha. Kesho punguza. Kama hakuna tofauti, kiasi ulichofanya kinakufaa. Andika kwenye daftari wiki mbili tu, utajijua.

NA ZILE SIKU MBAYA?

Zitakuja. Hata ukinywa dawa vizuri, kuna siku viungo vinawaka. Siku hiyo sindano ilale. Nyoosha viungo polepole ili visigande, lakini usilazimishe. Hata hivyo wewe bado ni mshonaji. Chora mchoro wa kofia inayofuata. Panga vipande vya vitambaa kwa rangi. Mwite mtoto wa jirani umfundishe kupiga pindo, wewe ukielekeza kwa mdomo. Siku mbaya zikiwa nyingi kuliko nzuri, rudi kliniki. Huenda dawa inahitaji kubadilishwa.

Tena tuseme ukweli, maumivu ya muda mrefu yanachosha roho. Ukijikuta hulali, unalia ovyo, au unaona maisha hayana maana, hilo nalo ni la kumweleza daktari. Lina msaada wake.

NYUMBANI UTASEMAJE?

Shida ya ugonjwa huu ni kwamba mchana unaonekana mzima. Asubuhi hukufagia, jioni unafuma. Basi maneno yanaanza: "Kazi hawezi, vitambaa anaweza!" Usigombane. Tafuta wakati mzuri, keti na mama au shangazi, mwambie:

"Shikamoo mama. Naomba unisikilize kidogo. Daktari amesema viungo vyangu vinavimba, na asubuhi ndiyo vinakuwa vibaya. Sikatai kazi. Naomba kufagia afanye mdogo wangu, mimi nipike mchana. Na kushona ameniruhusu, mikono isigande."

Umeona? Umetaja ugonjwa, umetaja saa, na umetoa badala yake. Twende naye kliniki mara moja amsikie daktari mwenyewe. Kwa fundi anayekufundisha ni hivyo hivyo: "Fundi, naomba niwe napumzika kila dakika 20. Kazi yangu nitaimaliza." Fundi mwelewa atakubali, maana kitambaa kilichokatwa vibaya na mkono unaouma ni hasara yake pia.

UKWELI NA UZUSHI

"Imeletwa na kushika maji baridi." Uzushi. Baridi inaweza kukufanya uyasikie maumivu zaidi, lakini haileti ugonjwa.

"Inaambukiza, usitumie sindano yake." Baridi yabisi haiambukizi hata kidogo. Sindano ya kushonea iliyomchoma mtu na kutoka damu ifute au ibadilishe, kwa sababu ya magonjwa mengine.

"Amelogwa." Uzushi, tena unachelewesha tiba.

"Ukichanjwa chale inatoka." Uzushi. Chale kwa wembe uliotumika zinaweza kukupa virusi vya UKIMWI au homa ya ini.

"Mwenye baridi yabisi hazai." Uzushi. Wengi wanazaa watoto wazima, ila mimba ipangwe kwa sababu ya dawa.

"Ukipata nafuu, acha dawa." Uzushi. Nafuu imeletwa na dawa. Kupunguza au kuacha ni uamuzi wa kufanya na daktari.

KAZI YA KIKUNDI

Mkikutana wiki hii, kila mmoja aje na ndala iliyokatika, puto moja na sindano yake ya kufumia. Tengenezeni mishikio minene, mjaribu, mcheke. Halafu ulizaneni swali moja: nani hapa vidole vyake vinakakamaa asubuhi zaidi ya nusu saa, na ni muda gani sasa? Akijitokeza hata mmoja, msimwache aende zahanati peke yake. Msindikizeni, na kazi yake ya mkononi aibebe, maana foleni huwa ndefu.